Karamu ya Askari Watatu

Binti yangu alizaliwa siku moja baada ya likizo yangu kwisha. Nalitaja hili mapema ili ijulikane kwamba yote niliyoyafanya baadaye, pamoja na kumlisha mzee wa watu mpaka akavimbiwa, niliyafanya nikiwa na sababu.

Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mamake, Kisauni, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza. Daktari akataja wiki, nami nikaomba siku zote za likizo nilizokuwa nazo, nikapanda basi kutoka Garissa na kushuka Mombasa na doti tatu za kanga na dumu la maziwa ya ngamia yaliyoharibika njiani. Nikangoja. Mtoto hakuja. Nilikaa siku kumi na nne kwenye kochi la mama mkwe, nikinywa uji na kuulizwa na majirani kama sina kazi. Siku ya kumi na tano nikarudi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeketi mezani kwangu ofisini simu ilipolia, na sauti ya mama mkwe ikasema, "Msichana. Mzima kabisa. Wewe ulikuwa na haraka gani?" Nilitaka kuitupa ile simu dirishani.

Ofisi yetu ni ya maji, na kazi yangu ni kupanga malori: hili liende shule ile, lile liende vijiji vya barabara ya Dadaab, hili limeharibika fundi aitwe. Mwaka huo ukame ulikaza, likizo zote zikasitishwa, tukawa tunafika kazini hata Jumapili. Nilimwomba mkubwa wangu siku mbili tu. Hakunikaripia. Alinyoosha kidole kwenye ramani ukutani na kusema, "Watu wana kiu." Mtu akikujibu hivyo unabaki kufunga mdomo na kurudi kwenye meza yako, na ndivyo nilivyofanya, ingawa nilifunga na mlango kwa nguvu kidogo.

Wiki ziliingia na kutoka. Mke wangu alimaliza arubaini, lakini mama mkwe alikataa katakata kumwachia mjukuu asafiri kwenye vumbi na joto letu kabla hajatimiza miezi mitatu. Nikawa baba wa kwenye simu. Nilikuwa nikioneshwa pua, mguu, na mara moja kisogo kwa dakika nne nzima kwa sababu kamera ilikuwa imegeuzwa vibaya. Sikumwambia mtu yeyote ofisini jinsi nilivyokuwa nikiumia. Kwetu ni Masalani, na wangesema kijana wa Masalani analia.

Ndipo ikaja barua ya michezo ya wafanyakazi wa kaunti. Siku nne, Mombasa. Kiu ilikuwa imesitisha kila kitu isipokuwa michezo, na ruhusa ilitoka juu kabisa, kwa hiyo mkubwa wangu hakuwa na la kusema. Niliisoma orodha yake ya michezo nikiwa nimesimama. Mpira wa miguu: miguu yangu haijui mpira ni nini. Kuvuta kamba: mimi ndiye ningevutwa. Mbio: astaghafirullah. Mwisho kabisa paliandikwa sataranji, mchezaji mmoja.

Mchezaji mmoja, na mchezaji huyo alijulikana ofisi nzima. Alikuwa dereva wetu mkongwe wa lori la maji, mzee wa Wajir aliyebakisha miezi michache astaafu, ambaye sote tulimwita adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima ya umri wake. Adeer alikuwa mfalme wa drafti. Kwa miaka arubaini hakuna aliyemfunga kwenye kibanda cha chai karibu na soko la mifugo, pale wanapochezea vifuniko vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa kalamu. Lakini waandaaji wa michezo waliona drafti ni mambo ya vibarazani, wakaiacha nje, na yeye akahamia sataranji. Alikuwa amejifunza miaka miwili tu nyuma. Nani alimfundisha? Mimi, Mungu anisamehe.

Alikuwa amenifunga mara kumi na moja mfululizo. Hakuwa na ufundi mkubwa, nasema hivi bila wivu, au kwa wivu kidogo. Alikula tu. Chochote ulichokiacha wazi alikibeba, kisha akawa na watu wengi kuliko wewe, na taratibu, huku akipuliza chai, akakusukuma mpaka ukutani. Hata hivyo niliandikisha jina langu, na dada wa masjala, aliyekuwa nahodha wa timu yetu na mtunza orodha, alitangaza kwamba tutacheza mchezo mmoja tu wa kuamua, Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Aliniangalia kwa huruma aliposema hivyo. Sijui ni kipi kiliniudhi zaidi, huruma ile au ukweli wake.

Siku mbili kabla ya mchezo nilikaa nikifikiria ule ushinde wa kumi na moja. Nilikuwa nimemsogeza askari mahali pa kijinga kwa kutotazama, na kabla sijamaliza kujilaumu, askari yule alikuwa keshaondoka ubaoni. Adeer hakuwa hata ametazama. Alikuwa akizungumza na mtu kuhusu bei ya tairi, na mkono wake ukala wenyewe. Hapo nikaelewa. Kwenye drafti kula ni lazima. Usipokula unalazimishwa kula, upende usipende, na mkono uliofuata sheria hiyo kwa miaka arubaini hauwezi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mchezo umebadilika. Mzee mwenyewe alikuwa anacheza sataranji. Mkono wake ulikuwa bado unacheza drafti.

Na mimi nilijua namna ya kuulisha mkono huo. Miaka kadhaa nyuma nilipelekwa Dadaab miezi mitatu kusaidia hesabu za visima, na jioni nilikuwa nikikaa kwa fundi simu mmoja wa kambi ya wakimbizi, kijana mwembamba aliyekuwa na ubao wa sataranji chini ya meza yake ya nyaya. Alinifundisha ufunguzi ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine. Unaanza kwa kugawa. Unatoa askari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kudai kitu, na wakati mwenzio anatafuna wewe unatoa wanyama wako wakubwa zizini. Mimi niliuita karamu. Fundi alinionya kwamba ni ufunguzi wa hatari: ukimpata mtu anayejua kusema asante nimeshiba, umejifilisi bure. Niliujaribu mara nne niliporudi Garissa, nikafungwa mara nne, nikauacha.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu majina. Kwetu ofisini yule anayekwenda mshazari, ambaye kwingine huitwa askofu, huitwa ngamia, na sidhani kuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Yule mwenye nguvu kuliko wote, anayekwenda popote anapotaka na hakuna wa kumuuliza, huitwa waziri. Wanaoijua kaunti yetu wanasema jina hilo limemfaa. Waliobaki ni farasi, ngome, mfalme na askari, kama kwingine kote.

Jumatano ikafika. Jua lilikuwa la kukaanga mayai, na watu walikuwa wamejibana kwenye veranda ya ofisi, kwenye kivuli, na chai yao. Adeer alikuja kutoka kuosha lori, shati limelowa mgongoni. Miguuni alikuwa amevaa viatu vya michezo vyeupe, vipya, ambavyo havijawahi kukanyaga tope.

"Hii ni ya Mombasa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Wajir, ambacho v hugeuka f na p hugeuka b, akiinua mguu mmoja nivione vizuri. "Nimeanza kufaa leo, isinibane huko."

Nilimpongeza. Moyoni nilisema, samahani adeer, lakini mimi nina mtoto. Dada wa masjala alificha askari wawili mikononi, nikachagua mkono wa kushoto, nikapata weupe. Nilianza na askari wa mfalme, hatua mbili mbele. Naye akafanya vivyo hivyo, wakatazamana.

Kisha nikamsogeza askari wa waziri hatua mbili, nikamweka kando ya mwenzake, wazi kabisa.

Mkono ukala.

Nikaweka wa pili, mshazari, mbele ya yule mlaji. Dada wa masjala alikohoa. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyu jamaa anataka kwenda Mombasa kweli?" Mkono ukala wa pili. Sasa ilinipasa kurudisha, kila mtu aliona nafasi ilivyo wazi, farasi wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Badala yake nilimtoa ngamia wangu wa kwanza, nikamsimamisha katikati akiutazama upande wa mfalme wake. Askari yule yule wa adeer alikuwa sasa na mlo wa tatu mbele yake, na nilimwona mzee akitabasamu, kwa sababu kila mcheza drafti duniani huota kete moja ikila tatu mfululizo.

Mkono ukala wa tatu.

"Wallahi," akasema, "leo umekuja na sadaka."

"Karibu, adeer," nikasema. "Kula bole bole," adeer akajiambia mwenyewe, na veranda ikacheka. Nami nilicheka. Nilimla yule mlafi kwa ngamia wangu wa pili. Watatu kwa mmoja, hesabu mbaya sana. Lakini ngamia wangu wawili sasa walikuwa wamesimama kwenye mistari yao mirefu ya mshazari, bila kitu cha kuwazuia, wote wawili wakielekea pale ambapo mfalme wake angekimbilia kulala.

Aliniletea ngamia wake kumtisha mfalme wangu, nikaweka farasi katikati. Akatoa farasi, nikamleta farasi wangu wa pili nyuma ya mwenzake. Hapo alikuwa na nafasi ya kutulia. Mtu mwingine angemficha mfalme wake, apange watu wake, na mimi ningebaki na ngamia wangu wawili wenye njaa na siku nne zangu zimepotea. Nilikuwa natokwa na jasho mpaka kwenye nyusi. Lakini katikati palikuwa na askari wangu wa nne, yule wa kwanza kabisa kutoka, peke yake, hana mlinzi.

Farasi wa adeer akamla.

Nikamficha mfalme wangu kwenye kona, polepole, nisioneshe furaha. Farasi wake akaendelea: akala farasi wangu. Nikamla. Ngamia wake akala farasi wangu wa pili. Nikamla na huyo, kwa ngamia. Yote hayo yalikwenda haraka, kak kak kak, kama watu wanaohesabu mbuzi, na moshi ulipotulia adeer alikuwa na ziada ya askari watatu. Alimficha mfalme wake kwenye kona na kuinua kikombe. Kwa hesabu ya drafti alikuwa ameshinda.

Nikamtoa waziri. Mara ya kwanza kumgusa mchezo mzima. Nilimrusha moja kwa moja mpaka mbele ya kasri la adeer, akimtishia mfalme kwa kifo cha hatua moja.

"Ha," akasema mzee, akasogeza askari mmoja hatua moja kuziba. Alikuwa sahihi kuziba. Ila alipomsogeza yule askari alifungua mlango mwembamba wa mshazari, kutoka katikati ya ubao mpaka kwenye kona nyuma ya mfalme wake.

Nikamrudisha waziri katikati, mbele ya ngamia wangu, kwenye mstari ule ule.

"Waziri nakimbia!" akasema adeer, na veranda ikacheka tena. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mkono wake ulielea juu ya ubao ukitafuta cha kula. Safari hii hapakuwa na kitu, nami nilikuwa nimehakikisha. Basi ukatafuta cha kula kesho: akasogeza askari hatua mbili, akamtishia ngamia wangu mwingine, akaegemea nyuma.

Waziri wangu akapita ule mlango mpaka mwisho, akasimama ubavuni mwa mfalme. Mfalme hakuweza kumla, maana ngamia alikuwa nyuma akimlinda kutoka mbali. Hakuweza kukimbia, maana watu wake mwenyewe walikuwa wamemzingira. Hatua kumi na tatu. Chai ya adeer ilikuwa bado inatoa moshi.

Kelele zilizopigwa hapo sizisahau. Dada wa masjala alinigonga mgongoni kwa faili. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Tamaa mbele, mauti nyuma, mtu akasema, na adeer akageuka akamtazama mpaka akanyamaza. Kisha akarudi kwenye ubao.

"Nimekosea wabi?"

"Askari wa pili, adeer. Ungemwacha."

"Kuacha?" Akakunja uso. "Naruhusiwa kuacha?"

"Unaruhusiwa. Hakuna lazima."

Akamwangalia yule mfalme wake. Alisema kitu kwa Kisomali ambacho sikukisikia vizuri, halafu akanipa mkono, mkono mkubwa wa usukani, akautikisa wangu mara mbili. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, nao ulikuwa msemo pekee wa Kiswahili niliowahi kumsikia akiutamka wote. Akaenda zake kwenye lori. Nilivitazama vile viatu vyeupe vikivuka uani kwenye vumbi, akivikwepesha madimbwi ya maji aliyoyamwaga mwenyewe, na niliona haya. Nasema kweli, niliona haya. Lakini nafasi sikumrudishia.

Tulifika Mombasa Alhamisi asubuhi. Niseme mara moja habari ya mashindano ili tusirudi huko tena: karamu yangu nilimwandalia mhasibu mmoja wa bara, akala askari wa kwanza, akamkataa wa pili kwa adabu, akanimaliza taratibu mpaka nikamwonea huruma mfalme wangu. Mchezo mmoja nilishinda, kwa bahati. Na ule wa kwanza kabisa, wa Alhamisi saa nane mchana, sikuucheza.

Saa nne nilikuwa mlangoni kwa mama mkwe na jezi ya kaunti mwilini. Mke wangu aliniwekea mtoto mikononi, na mtoto akanitazama, akafikiri, akalia kilio ambacho sikujua kwamba kinaweza kutoka kwenye kitu kidogo namna ile. "Hakujui," mama mkwe akasema, si kwa ubaya. Miezi miwili nilikuwa nimeiona pua hiyo kwenye kioo cha simu, na yeye hakuwa ameniona mimi hata mara moja. Liliniuma, liliniuma sana. Nilitembea naye kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, nikimsomea majina ya malori, nikimwambia lipi bovu. Saa saba na nusu alichoka kunikataa. Nilijilaza kwenye lile kochi langu la zamani, naye akanilalia kifuani, mkono mmoja umekamata jezi, akapitiwa na usingizi.

Sheria za mashindano zilikuwa dakika kumi na tano. Ukichelewa zaidi ya hapo umeshindwa. Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwangu, na nilijua ni dada wa masjala.

"Nimchukue?" mke wangu akanong'ona.

"Mwache."

Ikatetemeka tena. Ikanyamaza. Ikatetemeka. Saa ya ukutani ilifika saa nane na robo, ikapita, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Simu ilipoanza tena mke wangu aliichomoa mfukoni kwa vidole viwili, akatazama jina, akaniwekea sikioni. Hakuwa dada wa masjala. Alikuwa adeer, na nyuma yake ilisikika pampu ya maji.

"Waryaa! Umemfunga?"

"Sijacheza, adeer."

"Bado haijaanza?"

"Imekwisha. Nimepewa sifuri. Sikufika."

"Kwa nini? Mgonjwa?"

"Hapana. Mtoto amenilalia kifuani."

"Mtoto ya nani?"

"Wangu. Wa kwanza. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona."

Pampu ikaendelea. Nilijiandaa kutukanwa, na nilijua nastahili, kwa sababu nafasi ile niliichukua mikononi mwake na nikaiacha ikaharibika. Nilisikia mlango wa lori ukifungwa, kisha pampu ikazimwa.

"Mimi niko na watoto saba," akasema. "Wote nimekuta wanatembea."

Nikaweka kiganja mgongoni mwa binti yangu.

"Amelala bado?" akauliza.

"Bado."

"Basi bunguza sauti, utamwamsha," akaniambia, na yeye mwenyewe, huko barabara ya Dadaab, alikuwa ananong'ona.